Gari Halina Koo

Rejeta la gari letu lilianza kuvuja mwaka wa pili wa ukame. Mwanzoni lilitoa tone moja moja la rangi ya kutu, na lilipokauka liliacha alama nyeupe, kama ile inayobaki miguuni ukitoka baharini. Hapa kisiwani Betio kila mwenye gari anaijua alama hiyo. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na ndiyo tunayotilia magari. Ya mvua hukaa kwenye tangi, na ufunguo wa bomba la tangi letu bibi alikuwa anauvaa shingoni.

Baba yangu, Tekaai, aliwahi kumwomba chupa moja tu.

"Mama, chumvi inalila hili rejeta."

"Likiliwa nifanye nini? Wajukuu wana koo, wagonjwa wana koo. Gari halina koo."

Majirani walisikia. Wiki nzima baba akipita wanamuuliza, "Tekaai, gari limeamkaje? Limeshakunywa chai?" Kumwagia gari maji ya mvua wakati wa ukame ni aibu ambayo watoto wako wataikuta. Basi baba akarudi kisimani na ndoo yake. Tundu akaliziba kwa sabuni ya kufulia na nyuzi za makumbi ya nazi, likashika.

Jumapili moja asubuhi ujumbe ukaja kutoka hospitalini Nawerewere, mwisho kabisa wa barabara ya kisiwa. Babu Bwaatita, mdogo wake bibi, ndugu yake pekee aliyebaki, amezidiwa. Huenda jioni isimkute. Anamtaka dada yake, na anataka maji ya tangi la nyumbani. Ya kule hayapiti, anasema yana chumvi.

Bibi hakulia. Aliuvua ufunguo akanipa.

"Kinga yote."

Nilikinga. Dumu dogo lilijaa karibu na shingo, kisha bomba likakoroma na kunyamaza. Bibi mguu wake wa kulia ulikatwa kwa sababu ya sukari, kwa hiyo mimi na baba tulimbeba, tukamweka kiti cha nyuma na dumu lake mapajani.

Nilikaa mbele nitazame mshale wa joto. Baba huukumbuka akishasikia harufu ya kuungua.

Tulipoingia kwenye tuta la kwenda Bairiki, lile refu linalokatiza bahari bila nyumba hata moja, mshale ulikuwa katikati. Kisha ukasogea.

"Baba, unapanda."

"Upepo utaupoza."

"Umepita nusu, baba."

Akawasha hita ili ivute joto la injini. Upepo wa moto ukatupiga miguuni. Bibi nyuma akafungua dirisha. Mshale ukakaa kidogo, kisha ukaenda moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Baba akasimama, akazima.

Tundu lilikuwa limefunguka. Sabuni yote imeyeyuka, nyuzi zinaning'inia. Baba akavua shati, akalikunja mkononi, akashika kifuniko.

"Usifungue sasa," nikasema. "Mvuke utakuunguza. Na maji baridi kwenye injini ya moto yatapasua hedi."

"Najua!" Akaondoa mkono. Alikuwa anajua kweli. Kilichomsukuma ni bibi, aliyekaa nyuma akiwahi hospitali.

Dumu la maji ya kisima tunalobeba kila siku lilikuwa tupu. Tulilimaliza tulipokuwa tunatoka, na kwa haraka hatukulijaza tena. Baba alitazama huku na huku. Maji yalikuwa yamekupwa pande zote mbili, mchanga mtupu na mawe, bahari mstari tu kule mbali.

Magari yalikuwa machache, watu wako kanisani. Basi moja lilipita, watu wamebanana hadi mlangoni. Kisha akaja jirani yetu Nakibae na pikipiki yake, akacheka kabla hajazima.

"Tekaai! Hata bahari imekukimbia?"

"Acha, kaka. Mama anamuwahi mjomba."

Nakibae akachungulia ndani, akamwona bibi, kicheko kikamwisha. "Shikamoo, mama. Nipeni dumu. Nakwenda Bairiki kuchota, narudi sasa hivi."

Akaondoka. Baba akaziba tundu upya kwa kipande cha sabuni kilichobaki. Tukafungua boneti, tukangoja injini ipoe. Jua lilikuwa kali, na bati la gari lilikuwa linalia ti, ti, ti, kisha likaacha. Nikagusa rejeta kwa kiganja, nikaweza kulishika. Nikafungua kifuniko kwa shati la baba. Ndani kulikuwa kukavu.

Nakibae hakuonekana.

"Limepoa?" bibi akauliza.

"Limepoa, bibi."

"Basi mwagieni haya."

Alikuwa amelitoa dumu dirishani. Baba hakulipokea.

"Mama, hayo ni ya mjomba. Nakibae anakuja."

"Anakuja lini?"

"Anakuja tu."

"Mjomba wako akifa nimekaa hapa, maji haya nimpelekee nani? Nimwogeshee?"

"Mama..."

"Chukua, Tekaai. Usinifanye niombe."

Nililipokea mimi. Baba akawasha, injini ikawa inazunguka polepole, nikawa namimina kidogo kidogo ili hewa itoke. Maji yalikuwa safi hivi kwamba niliiona kutu ya ndani kupitia humo. Nilitaka kubakiza kikombe. Nikasimamisha mkono. Lakini maji yalikuwa bado yako chini ya mdomo wa rejeta, na baba akaniangalia, akatikisa kichwa. Nikamimina yote.

Bibi akaomba dumu lake. Nikamrudishia likiwa jepesi, akaliweka mapajani palepale.

Tulikutana na Nakibae mwisho wa tuta. Dumu letu lilikuwa limejaa, limefungwa kwa kamba nyuma yake, naye ameinama anakimbiza pikipiki. Akapiga honi. Baba akainua mkono, hakusimama. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baba alienda taratibu, mshale ukakaa katikati hadi Nawerewere.

Babu Bwaatita alikuwa hai. Binti yake alitupokea mlangoni. "Amegoma kunywa tangu asubuhi. Kila tukimpa maji anafunga mdomo, anasema dada anakuja na ya nyumbani."

Tulimweka bibi kwenye kiti karibu na kitanda. Babu akafungua macho. Aliliona dumu kwanza, kabla ya uso wa dada yake, na midomo yake iliyopasuka ikafunguka tayari.

"Umeleta," akasema.

Bibi akalishika dumu kwa mikono miwili. Nilidhani atamdanganya. Bomba la wodi lilikuwa hatua chache tu, na mimi nilikuwa nimeshasimama kwenda kujaza.

"Yameishia njiani, mdogo wangu," akasema. "Gari lilikwama kwenye tuta. Ningengoja maji mengine, ningekukosa."

Babu alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ungengoja, dada," akasema. "Na mimi nilikuwa nangoja."

Akageuza kichwa upande wa ukuta. Bibi akamwita kwa jina la utotoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Binti wa babu akaleta kikombe cha maji ya pale, akalowesha kitambaa, akampitishia midomoni. Babu akaibana.

Alifariki alasiri bila kugeuka tena. Bibi hakutaka kubebwa kutoka kwenye kile kiti. Baba alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipofika, shati lake lenye kutu bado limekunjwa mkononi, na hakuna aliyemwambia alivae.