Salamu Nyingi kutoka Gasorwe

Jumanne, tarehe kumi na tatu Agosti 2019, saa mbili na robo asubuhi, fundi Egidius alifungua mfuniko wa seva katika ofisi ya mashamba ya Muyinga, akakuta udongo. Alikuwa amejiandaa kukuta vumbi, ndiyo maana alishika brashi. Lakini huu ulikuwa udongo mwekundu wenye unyevu, na nyungunyungu mmoja mnene alikuwa amejikunja karibu na feni. Egidius alimtoa kwa kalamu, akamweka dirishani, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi ile ilipokea barua pepe za watu waliorudi kutoka Tanzania wakakuta mashamba ya wazazi wao yanalimwa na wengine. Mtu anaandika, ofisi inasoma, inaita pande mbili, wanapatana. Sasa tawi la Muyinga lilikuwa linafungwa na kila kitu kinahamia Gitega, mji mkuu mpya, kwa sababu mwaka ule kila aliyejiona mkubwa alikuwa anahamia Gitega. Ombi lisilojibiwa hadi tarehe thelathini na moja Agosti lingefutwa, na shamba lingebaki kwa anayelilima. Tangazo la jambo hilo lilibandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na mlango huo kutwa nzima ulikuwa wazi umeegemea ukuta.

Kabla ya kuhamisha barua, Egidius alizihesabu, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili. Sanduku la ofisi lilikuwa na barua tisa. Tatu kati ya hizo zilitangaza matairi. Folda ya barua taka ilikuwa na mia nne na kumi na mbili.

Alizifungua. Zote zilianza hivi: "Kwanza kabisa pokea salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Egidius alizijua salamu hizo kwa moyo. Alifundishwa darasa la nne kule Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, kwa fimbo, na aliyesahau neno moja aliandika yote mara hamsini. Walioandika barua hizo walikuwa wamekulia kulekule, au makazi ya jirani, mbele ya fimbo ya namna ileile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari.

Seva nayo ilikuwa imefundishwa. Ilifundishwa kwamba barua nyingi zenye maneno yaleyale, kutoka kwa watu tofauti, ni kazi ya tapeli mmoja. Tangu 2009 ilikuwa inawatupa takani mmoja mmoja, bila chuki. Na kwa miaka kumi hiyo, malori yakishusha watu na magodoro yao mwaka hadi mwaka, hakuna mtu ofisini aliyeuliza imekuwaje wote wamerudi na hakuna anayedai kitu. Walichukulia kuwa mambo ni mazuri. Waliandika hivyo kwenye ripoti.

Barua ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Kasilda wa Gasorwe. Alikuwa ameandika mara thelathini na moja. Chini ya kila barua aliweka namba ya simu, na Egidius aliipiga.

"Mama Kasilda? Ni fundi wa kompyuta. Barua zako nimeziona."

"Zimesomwa?"

"Nimezisoma mimi."

"Wewe ni nani pale?"

"Si mtu mkubwa, mama. Nahamisha tu mashine yenye barua kwenda Gitega."

"Basi hazijasomwa," alisema Kasilda. "Hiyo mashine inapita Gasorwe saa ngapi?"

Ilikuwa ipite kesho yake asubuhi. Abubakari, dereva wa Probox, mtoto wa mjini Muyinga ambaye baba yake na babu yake walisafirisha kila kitu isipokuwa seva, alikuja kuibeba. Kibandiko kilisema kilo kumi na moja. Abubakari aliinama, akanyanyuka mikono mitupu.

"We Egidius, iki kitu iko na nini ndani?"

"Mashamba."

"Ya nani?"

"Ya watu."

"Mungenipasha mbere, quand même. Gari yangu iko ya watu watano, haiko ya mashamba."

Walifika wanaume sita kutoka sokoni, wakaiingiza kiti cha nyuma wakihesabu moja, mbili, tatu. Probox ilikaa chini kama kuku anayetaga. Walitoka Muyinga kwa mwendo wa mtu anayetembea, na watu waliokuwa wanatembea waliwapita, wakawasalimia, wakatangulia.

Gasorwe gari lilisimama lenyewe. Kasilda alikuwa kando ya barabara na jembe lililofungwa kwa kitenge. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba. Alivushwa mpaka wa Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, watu walipokimbia mauaji, akarudi kwa miguu yake mwenyewe, na tangu hapo alikuwa anakodi kipande cha ardhi ng'ambo ya kijito, mahali ambapo aliliona shamba la baba yake kila siku akinyoosha mgongo. Aliingia nyuma bila kukaribishwa, akaweka kiganja juu ya seva. Kwenye matundu ya hewa, ubavuni, majani mawili mawili yalikuwa yametoka.

"Maharage," alimwambia Egidius aliyekaa kando ya seva. "Baba alikuwa anapanda haya haya. Sogea, mdogo wangu."

Aliipakata. Gari likapanda mlima.

Walipofika Mutoyi walisimama kwenye bomba la misheni, Kasilda akaimwagilia seva kwa kikombe, upande usio na umeme. Egidius alimwonyesha ni upi. Baadaye Abubakari alisema amewahi kubeba abiria wabaya kuliko hao; hao angalau hawakutapika.

Gitega walipokelewa na Direkteri Gervasi, aliyekuwa na tai na haraka. Alisaini karatasi ya mapokezi: seva moja, maharage, mwanamke mmoja. Chumba cha mashine kilikuwa na dirisha la kusini na joto zuri. Seva ilipowashwa, udongo ulitoka taratibu kwenye matundu, ukashuka mezani, ukatandaa sakafuni, na Kasilda alivua viatu akaanza kupalilia. Mhasibu aliomba tu njia ya kufikia kabati iachwe.

Egidius alimweleza Direkteri habari ya kanuni ile inayotupa salamu takani. Alieleza akiwa amesimama.

"Bon," alisema Direkteri. "Maneno ya mdomo mi siwezi kuyasaini. Niandikie. Na hamisha vyote vile vilivyo, usiguse kitu bila sahihi yangu. Voilà."

Egidius alikaa akaandika. Aliandika kama alivyofundishwa, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumwandikia mkubwa, na barua yake iliingia takani kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Zikawa mia nne na kumi na tatu. Asubuhi iliyofuata, kwenye kona ya chumba, karibu na betri ya akiba, kulikuwa na chipukizi la mgomba wa aina ambayo marehemu baba yake alikuwa akimsimulia, ya kwao Gashoho. Egidius hakuwa ameomba shamba lolote. Alilipima chipukizi lile kwa rula, akaandika kwenye daftari la kazi: sentimita kumi na nne.

Siku zilikwenda. Kwa joto la mashine maharage yalitoa maua, yakazaa. Tarehe thelathini Agosti, Egidius alikaa ukingoni mwa shamba, magoti yakigusa waya, akasema alichokuwa anakizungusha kichwani wiki nzima.

"Mama Kasilda, andika tena. Lakini toa salamu. Anza na shida yako moja kwa moja. Itapita."

Kasilda aliacha kupalilia. "Nimwombe mtu shamba bila kumsalimu?"

"Ndiyo."

"Wewe umelelewa wapi?"

"Ulyankulu."

"Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Longino."

"Mwalimu Longino amekufundisha hivi?"

Kasilda alipalilia mstari mzima, akageuka, akapalilia kurudi. Kisha alifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye kompyuta. Aliandika kwa kidole kimoja, akichukia kila herufi:

"Mimi ni Kasilda. Shamba la baba yangu liko Gasorwe, chini ya barabara, kati ya kijito na mikaratusi. Nalitaka."

Barua iliondoka. Egidius aliifuata kwa macho kwenye skrini. Haikwenda takani. Iliingia kwenye sanduku la Direkteri, ombi la kwanza kufika huko kwa miaka kumi, na juu yake palikuwa na tangazo la matairi. Kupitia ukuta walisikia kiti chake kikilia. Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

"Bibi, barua yako haina hata salamu. Ofisi hii ni ya maelewano. Mtu asiyejua kusalimu atapatanaje na jirani? Jifunze adabu kwanza. Wasalaam."

Kasilda alisoma mara mbili. Upande wa kulia wa skrini, kwenye jina lake, mashine iliandika: Limejibiwa. Faili lililojibiwa hufungwa. Kesho yake, mwezi ulipoisha, maombi mengine yote yaliandikwa: Limefutwa. Barua zenyewe zilibaki mahali pake, kwa kuwa Egidius alikuwa ameamriwa ahamishe vyote vile vilivyo, na hiyo ndiyo amri pekee aliyoitii kwa furaha. Na mashamba yalibaki. Septemba yalivuka kizingiti, yakaingia kwenye korido, na watumishi walizoea kuacha viatu mlangoni.

Siku hizi kila Alhamisi ofisi hula maharage. Kasilda huyavuna, mpishi huyapika, na Direkteri huongezewa.

"Ya wapi haya?" aliuliza Alhamisi moja, akifuta sahani kwa kipande cha mkate.

"Ya Gasorwe, Direkteri," alisema Egidius.

"Nilijua. Udongo wa kule ni mzuri. Shemeji yangu analima kule, chini ya barabara, karibu na kijito."

Kasilda alikuwa mlangoni na jembe. Aliliegemeza ukutani, akamwamkia Direkteri kwa mikono miwili, akamwambia kwamba anampa salamu nyingi kama mchanga wa bahari, yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwake Direkteri tu.

Direkteri alifurahi sana. Alisema, voilà, watu wakitaka wanaweza.