Baba Asiyembeba Mtoto

Mtoto alipofikisha miezi mitatu, msusi aligundua kwamba mumewe hambebi tena. Akimpa, mume hutafuta kwanza pa kuketi, au husingizia kwamba mikono ina rangi. Mikono ya fundi rangi ina rangi siku zote, na zamani haikumzuia.

Asubuhi fundi ndiye aliyebaki na mtoto ili mkewe akasuke. Mchana walipokezana mlangoni kama walinzi, naye akaenda kupaka nyumba za watu mpaka giza. Maneno yao yalikuwa machache: amekula, amelala, ameharisha. Usiku mtoto alikuwa wa mama, ingawa kilio kiliwaamsha wote wawili.

Dada yake msusi, aliyekuwa akisuka naye, alimwambia kwamba mwanamume wa namna hiyo ana lake jambo. Huenda anaona mtoto hafanani naye. Msusi alicheka, ila maneno yakamkaa rohoni. Akaanza kumvizia mumewe, anavyoyatazama masikio ya mtoto, anavyonyamaza akiitwa baba.

Siku moja alimwachia dada kichwa cha mteja kikiwa nusu, akarudi nyumbani mapema, akasukuma mlango polepole. Mumewe alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mito imepangwa pande zote, mtoto mapajani akichezea kijiko.

"Mbona humbebi mwanao?" aliuliza. "Kama una shaka naye, sema."

Fundi alimkodolea macho. "Shaka gani? Naogopa nitamdondosha."

Ndipo akaeleza. Wiki kadhaa nyuma kizunguzungu kilimwangusha kazini kutoka kwenye ngazi, ndoo ya rangi ikamfuata, na bado humjia ghafla. Bosi aliambiwa ameteleza. Mke hakuambiwa kitu, maana naye alikuwa hoi.

Aibu ilimshika msusi, kisha hasira. Akamkokota mpaka zahanati siku ileile. Daktari alisema mwili umechoka kwa kukosa usingizi na kula ovyo. Apumzike, ngazi asiguse kwanza. Kisha akamwomba msusi naye anyooshe mkono. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mumewe.

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu nijifungue," alijibu kwa sauti ndogo.

Mumewe akageuka. "Hukuniambia."

Siku hizi dada hukaa na mtoto asubuhi asizosuka, wazazi wakalala. Fundi hupaka kuta za chini tu. Lakini mmoja akisema yu mzima, mwenzake haamini mpaka amtazame vizuri usoni.