Wingu Katika Dari ya Bi Kinue

Je, wewe ulipoandaliwa chumba cha kulala, kuna aliyekuuliza dari yake iwe ya kimo gani? Bi Kinue Onodera aliulizwa, tena Jumamosi nne mfululizo, na kila mara alijibu kwamba inapendeza.

Ilikuwa huko Ichinoseki, Japani. Mwanawe, Kohei, alikuwa anaigeuza nyumba ya zamani iwe ya vizazi viwili: yeye na mkewe Chinatsu wakae ghorofani, na mama ashuke chini, maana magoti yake yalikuwa yakilia kama mlango wa stoo kila alipopanda ngazi. Kuhusu kushuka, hakuna aliyemwuliza. Naye Bi Kinue, aliyelala ghorofani miaka hamsini na mmoja, upande wa dirisha linalotazama mto, hakutaka kushuka hata kidogo. Lakini mtoto anapokufanyia hisani, tena mbele ya mgeni, utaanzaje kusema hutaki? Akawa anamimina chai.

Mgeni mwenyewe ni Bi Sugawara, binti mchoraji wa ramani za nyumba kutoka kampuni ya ujenzi. Alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani kando ya sahani ya achari ya figili, na ndani yake ilikuwamo nyumba nzima mpaka swichi za taa. Akibonyeza, dari zote zinatoweka, unavichungulia vyumba kwa juu kama chakula katika kibweta kilichofunuliwa. Akibonyeza tena, zinarudi. Alimweleza Bi Kinue, polepole, kwamba programu ile haijui dari mpaka uiambie: kila chumba unakipa kimo chake, dari ikae bapa au ifuate mteremko wa paa, na ukisahau, inakuwekea ya kwake.

Jumamosi ya kwanza dari ya chumba cha chini ilikuwa sentimita mia mbili na arobaini. Inapendeza, akasema Bi Kinue. Ya pili ilishuka mpaka mia mbili na kumi, kwa sababu bomba la choo kipya cha ghorofani lilitaka njia. Inapendeza sana, akasema, akiinamisha kichwa upande. Sasa kwa watu wa kule, kichwa kikilala upande namna ile, hiyo ni hapana iliyovaa nguo za sherehe. Bi Sugawara aliliona hilo. Jumamosi ya tatu akawa amelisukuma bomba pembeni, akainua dari katikati kama sinia lililopinduliwa, na taa akazificha kwenye kingo. Inapendeza mno. Shingo ikazidi kupinda.

Siku hiyo, Kohei akimsindikiza Bi Sugawara mlangoni, alimkumbusha kwamba rafu ya miungu wa nyumbani itakuwa chumbani kwa mama, na vyumba vya watu vipo juu yake, kwa hiyo asisahau wingu darini. Bi Sugawara akaandika kwenye daftari: dari, wingu.

Katika nyumba nyingi za huko wanalijua jambo hilo. Haifai watu kukanyaga juu ya vichwa vya miungu, basi huandikwa neno moja, wingu, kwenye kikaratasi, kikabandikwa darini juu ya rafu, kuiambia miungu kwamba huko juu hakuna ila anga. Lakini Bi Sugawara alikulia mjini, katika nyumba za kupanga, na kwao hapakuwa na rafu yoyote.

Jumamosi ya nne aliwaingiza ndani ya chumba kwa kipanya cha kompyuta, akawainua macho juu taratibu. Dari yote, ukuta hadi ukuta, ilikuwa anga ya buluu yenye mawingu, mojawapo limenona kama paka wa jirani. Alikuwa ameziunganisha picha kwa uangalifu hata mshono hauonekani.

Chinatsu akaziba mdomo kwa kiganja. Kohei akakohoa.

"Bi Sugawara," akasema, "hapa mama atalala, au tunafungua hoteli ya maharusi?"

Chinatsu akamfinya, kisha yeye ndiye akaeleza habari ya kikaratasi. Binti wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akainama kuomba radhi, paji la uso likakaribia kugusa figili, akanyoosha mkono afute kila kitu.

Bi Kinue alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka birika chini na kujifuta machozi kwa aproni.

"Usifute kwanza, mwanangu. Unajua ni mara ya kwanza naipenda dari yako?"

Bi Sugawara akamtazama. "Kumbe zile nyingine, Bibi?"

Kohei akaanza kujibu kwamba mama aliziona nzuri zote. Binti hakumgeukia.

"Bibi, mimi nimeaibika mbele ya watu watatu na bado nimekaa hapa nakunywa chai," akasema. "Na wewe sema lako. Nitachora."

Bi Kinue akavigusa vikombe kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Akamtazama mwanawe.

"Chumba cha chini ni kizuri, Kohei. Laleni ninyi humo. Mimi sitaki kushuka. Nataka kulala juu, chumba changu kile kile, na ngazini mniwekee mbao za kushikia, pande zote mbili."