Wimbo Aliopigiwa Bi Nasriya

Rawan alipoanza kuhangaikia nyimbo za siku yake ya hina, watu wote wa ile nyumba ya Bawshar, Maskati, walimkimbia isipokuwa bibi yake. Mama alishughulika na wapishi, baba alishughulika na wageni. Bi Nasriya alikuwa na nafasi, na alikuwa na masikio. Basi kila baada ya sala ya alasiri mjukuu alikuja na simu yake, akajitupa kitandani kwa bibi, akamtilia mto mgongoni bila kuambiwa, wakasikiliza pamoja.

"Nnataka mchanganyiko, Bibi," alisema Rawan. "Za zamani, kwa ajili yenu. Mpya, kwa ajili ya shoga zangu. Na kava, yaani zile za zamani walizozirudia vijana wa sasa. Na bluzi kidogo, kwa ajili yangu mwenyewe."

"Bluzi ndiyo kitu gani?"

Rawan akampigia. Mwanamme mmoja na gita lake, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyelala jikoni penye moshi. Bi Nasriya alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kumkata mwenziwe kauli, hata mwenziwe akiwa ndani ya simu.

"Kafanywa nini huyu?"

"Mkewe kamkimbia."

"Na hapo anampasha nani?"

"Hampashi mtu, Bibi. Analia tu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Bi Nasriya akalifikiri hilo. Katika harusi alizokulia yeye, wimbo wa uchungu ulikuwa na mwenyewe wa kuupokea. Taarab ikipigwa, mwanamke aliinuka na noti yake mkononi, akacheza taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani akasimama mbele ya yule aliyemkusudia. Hakufungua mdomo. Wimbo ulimsemea kila kitu, na ukumbi mzima ukajua nani kapigwa na kwa kosa gani.

"Mtie," alisema mwishowe. "Huyu hana ubaya na mtu."

Akampendekezea Rawan nyimbo nyingi: za kumsifu bibi harusi, za kuwapokea wageni, moja ya kuchekesha juu ya mume anayeogopa paka. Lakini wimbo mmoja hakuutaja, wala hakumkataza mjukuu wake asiupige. Kumkataza kungetaka maelezo, na hayo maelezo hakuwahi kumpa mtu tangu baba yake Rawan alipokuwa mtoto wa kunyonya.

Siku ya hina ilifanywa alasiri, katika ukumbi mmoja wa Qurum. Humam, mwanawe na baba yake Rawan, alimshusha mama yake mlangoni akaenda zake, maana humo hawaingii wanaume. Ndani bukhuri ilikuwa imeshapanda hadi kwenye taa. Msichana wa kupiga muziki, Aseel, alipomwona bibi kakaa karibu na mlango, penye spika, aliinuka mwenyewe akaigeuzia upande wa pili. Bi Nasriya akamwombea mume mwema.

Upande wa kulia, kwenye viti vya wazee, alikaa Bi Balqis. Huyu alikuwa mke mwenzake. Marhum Badr, mume wao, alimuoa Balqis baada ya familia kuhamia Maskati kutoka Unguja, Nasriya akiwa na watoto wawili na tumbo la tatu. Sasa Badr yuko kaburini na wajane wake wawili wanapeana mikono kila Idi. Rawan aliwaita wote wawili Bibi, na hilo halikumkera Bi Nasriya. Alipopasuliwa goti hospitali, Balqis alimletea supu kila siku, akaipuliza na kumnywesha mwenyewe. Hilo pia Bi Nasriya hakulisahau.

Nyimbo zilikwenda vizuri. Rawan alikaa kwenye kiti chake, mikono ameinyoosha, hina mbichi imempanda mpaka viwiko. Wakwe walifurahi, walikula, walipiga vigelegele. Kisha ukaingia wimbo mwingine, na kwanza Bi Nasriya hakuutambua. Zamani palipokuwa na udi wa nyuzi sasa palikuwa na gita, na mwimbaji alikuwa msichana mwenye sauti nyembamba. Lakini maneno yalikuwa yale yale.

Chukua jina la nyumba, mwenye nyumba niachie.

Wazee wote wakageuza shingo kumtazama Bi Nasriya. Vijana hawakujua kitu, waliendelea kutikisa mabega. Na pale, katikati ya ukumbi, Bi Balqis alikuwa ameshainuka na noti mkononi, anacheza, anacheka, anakuja. Alimfikia mke mwenzake akasimama mbele yake. Akamnyooshea mkono.

"Inuka, Nasriya, tucheze!"

Bi Nasriya aliinuka. Hakuushika ule mkono. Alimpita Balqis, akaenda moja kwa moja kwa Aseel.

"Zima."

"Bibi?"

"Nimesema zima!"

Muziki ukakatika. Ukasikika mlio wa vikombe vya kahawa, na mkwe mmoja akimuuliza mwenziwe kwa Kiarabu kama kuna mtu kafariki. Bi Nasriya alichukua mkoba wake, akaingia chumba cha kuvalia, akampigia Humam simu aje amchukue. Qurum si pahala pa kutoka kwa hasira ukenda kwa miguu. Ilibidi akae angoje gari, kati ya mabegi na viatu vya watu.

Rawan aliingia nyuma yake mbio, mikono juu.

"Bibi, umeniaibisha! Mbele ya wakwe zangu!"

"Nani kakupa wimbo ule?"

"Bibi Balqis! Nilimwomba na yeye anipendekezee. Ule wa asili sikuupata, nikatia kava. Kwani wimbo una nini?"

Machozi yalimtiririka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina. Bi Nasriya, pamoja na hasira zake zote, alivuta ncha ya mtandio wake akampangusa, shavu moja, na la pili.

"Usilie, wanja utaingia machoni. Sikukukasirikia wewe."

Mlango ukafunguliwa. Bi Balqis aliingia akihema.

"Nasriya, una nini? Presha?"

"Presha yangu salama. Kwa nini umempa mtoto wimbo ule?"

"Una ubaya gani? Wimbo mzuri. Si tukiucheza ujanani?"

"Tukiucheza nani na nani?" Sauti ya Bi Nasriya ilipanda. Rawan alirudi nyuma hatua. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo. "Ile harusi ya kule Matrah, Balqis. Nimekaa na Humam mapajani, ananyonya. Wewe hujatimiza hata mwaka kwa Badr. Umeuomba wimbo huo, ukainuka na noti, ukaja mpaka puani kwangu, ukasimama hapo hadi ukaisha. Watu wote wanatazama. Mtoto akaachia ziwa akaanza kulia, na wewe ukaondoka unacheka!"

Bi Balqis alitazama juu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu.

"Wallahi sikumbuki."

Bi Nasriya alikuwa tayari kwa ubishi. Alikuwa tayari kwa kejeli, hata kwa kicheko. Hili hakulitarajia. Maisha yote alikuwa akiibeba ile alasiri ya Matrah, na mwenziwe aliiangusha njiani hata kabla hajafika nyumbani kwake.

"Hukumbuki?"

"Nisikudanganye. Sikumbuki."

"Mimi niliacha kwenda harusini kwa ajili yako! Mimi, niliyekuwa nikizijua nyimbo zote! Ukipigwa redioni nnazima. Badr alinunua kaseti yake, nikaitia kwenye beseni la nguo na sabuni. Nikilazimika kwenda kwenye shughuli ya watu nnakaa karibu na mlango, nisije nikapigiwa tena. Nawe umesahau! Afadhali ungekumbuka ukaniambia nimefanya na ntafanya tena!"

"Sasa mbona hukusema? Miaka yote hii? Nimekuletea supu, nimekukanda goti, umenyamaza tu!"

"Supu yako nimeinywa na nimekushukuru. Supu haikuwa na ubaya. Nnazungumza habari za wimbo."

Bi Balqis akajikalia juu ya begi la mtu. Cheko lake lilikuwa limemtoka usoni.

"Nilikuwa msichana," alisema polepole. "Nimeletwa juu yako, kila nikipita naitwa mwizi. Yamkini nilifanya. Maana wimbo nilikuwa nikiupenda, hilo nnalikumbuka. Basi nisamehe, dada yangu."

"Hapa?"

"Wapi tena?"

"Hapa kwenye viatu vya watu? Hukunipasha chumbani, Balqis. Ulinipasha ukumbini."

"Unataka nisimame nitangaze, mbele ya wakwe wa mtoto? Nasriya, ogopa Mungu!"

"Mungu nnamwogopa. Watu ndio nimechoka kuwaogopa. Humam yuko njiani. Nitapanda gari nitaondoka, na wewe kaa umweleze kila anayeuliza bibi yake bibi harusi kenda wapi."

"Na mimi je?" Rawan alisema. "Nani atanifunika kichwani kitambaa changu cha kijani cha bibi harusi? Nani atanisomea dua? Uliniahidi, Bibi."

Hilo lilimchoma. Alimtazama mtoto yule, mikono juu kama aliyekamatwa na askari, na alitaka kusema basi, yaishe. Neno lilifika ulimini. Lakini ndilo neno alilolisema kila mara, kwa Badr, kwa watoto, kwa shughuli za watu, na kila alipolisema ilikuwa ni yeye anayerudi kukaa karibu na mlango.

"Nakupenda kuliko macho yangu," alimwambia. "Leo sitanyamaza hata kwa ajili yako."

Simu ikalia. Humam yuko nje. Bi Nasriya akatia mkoba kwapani.

Bi Balqis aliinuka kabla yake, akatoka akaenda ukumbini. Wakasikia kipaza sauti kinagongwagongwa, kisha sauti yake.

"Jamani, tusikilizane kidogo. Wimbo ule uliozimwa nimeuchagua mimi. Zamani niliuomba harusini, Matrah, nikaenda kusimama nao mbele ya mke mwenzangu Nasriya kumuumiza, naye kamshika mwanawe ananyonya. Hakuwa amenikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea, na nimelisahau, na kulisahau ni kosa la pili. Nnamtaka radhi mbele yenu nyote."

Kisha kikongwe mmoja viti vya nyuma akasema kwa sauti kubwa, "Kweli kabisa! Mimi nilikuwepo!"

"Hata mimi!" alidakia mwingine. "Tukingoja tu nani ataanza kulisema!"

Vicheko vikapasuka. Bi Nasriya alisimama kwenye kizingiti cha chumba, na hakucheka. Bi Balqis alimjia, safari hii hachezi, noti yake ameikunja imepotelea kiganjani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na hasira?"

"Zipo," alisema Bi Nasriya. "Nilidhani ukisema zitaondoka. Bado zipo."

"Kaa nazo basi. Ni haki yako."

Bi Nasriya aliweka simu sikioni. "Humam, mwanangu, rudi nyumbani. Bado nna shughuli hapa."

Aseel alikuwa akimtazama kwa woga, kidole kiko juu ya mtambo. "Nipige upi, Bibi? Wa zamani? Ile bluzi?"

"Mpya," alisema Bi Nasriya. "Nipigie mpya kabisa, ambao humu ndani hajapigiwa mtu."

Wasichana wakainuka wote kwa pamoja. Bi Nasriya hakucheza. Alimshika Rawan juu kidogo ya kiwiko, asije akapaka watu hina, akamwongoza mpaka kwenye kiti chake, akamkunjulia kichwani kile kitambaa cha kijani. Bi Balqis alikuja akashika ncha ya pili. Bi Nasriya hakumwambia karibu, na hakumwambia ondoka. Wimbo ulipokwisha akaanza kusoma dua.