Kuku Aliyeatamia Masasi

Emérence alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, mlangoni pa nyumba yake kule Bagira, wakati kaporali Honoré alipoingia uani na gunia la makala, makaa ya kupikia, begani. Aliamkia, akaulizia watoto, akalitua gunia mbele ya Xavier, mume wa Emérence. Chini ya makala mlikuwa na bunduki ya jeshi na kopo la maziwa ya unga lililojaa masasi, risasi za bunduki hiyo.

Hakuna aliyeshangaa. Mwaka ule wa 1992 wanajeshi hawakuwa wakilipwa, na ghala la kambi lilijaa bunduki za zamani ambazo kwenye karatasi zilikwisha kuvunjwavunjwa. Zilitoka kambini ndani ya makala, ndani ya majani ya migomba, zikaingia nyumbani kwa watu kama chumvi inavyoingia.

"Ni juu ya wezi," Xavier akasema.

Emérence aliendelea kuchambua. Mwizi mwenyewe alimjua: Théodore, kaka mkubwa wa Xavier, aliyeishi upande wa pili wa ugo wa matete. Kila mvua iliponyesha, korongo lilimega kiwanja cha Théodore kwa nyuma, na kila lilipomega, Théodore aliusogeza ugo mbele kidogo. Watoto hao wa tumbo moja hawakusalimiana tena, hata kanisani.

Bunduki Xavier aliificha darini. Masasi aliyafukia chini ya majani makavu ya kikapu cha kuku, mahali ambapo, alisema, mwizi hatafuti. Kuku alikuwa anataka kuatamia, na mayai yake yalikwisha kuliwa. Basi akalalia kilichokuwepo.

Vilianguliwa Jumapili, watu walipotoka misa. Vilikuwa vifaranga vya kawaida, rangi ya shaba, vizito kidogo mkononi. Emérence akavimwagia makombo ya bugali. Jioni Xavier aliingiza mkono kikapuni, akatoa maganda matupu.

"Masasi iko wapi?"

"Iko chini ya meza, inakula."

"Yote?"

"Moja ilioza."

Xavier aliinama kuangalia. Alinuna kama mtu ambaye mbuzi wa jirani amemlia mbegu, na kesho yake akamwagiza Honoré alete mengine.

Kaporali aliyaleta, na safari hii Xavier akayaweka mfukoni. Emérence akamsindikiza mpaka njiani.

"Papa Honoré, kwa Théodore pia uliuzisha?"

"Maman, mie nauzisha kwa kila mutu. Tangu Pasaka hatujaona mushahara. Batoto bangu batakula nini?" Alivitazama vifaranga vikiparura udongo. "Unaweza kunipa kamoja? Ya batoto."

Emérence alimpa. Kaporali alivua kofia yake ya jeshi, akakiweka kifaranga ndani, akaenda kichwa wazi, ameibeba kofia kama mtu anayebeba maji. Kwenye nyumba iliyofuata akaingia kuuza.

Siku hiyohiyo Emérence alimchukua kuku wake mwingine, aliyekuwa naye ameanza kuatamia, akamfunika kwa kikwembe, akazunguka ugo. Alimkuta Monique, mke wa Théodore, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Wanawake hao hawakuwa wamezungumza tangu ugo uliposogezwa mara ya mwisho.

"Papa Théodore anaweka yake wapi?"

Monique akaacha kutwanga. "Mu viatu vyake vya ndoa."

"Kuku yangu iko natafuta kitu ya kulalia."

Monique akaingia jikoni. Aliondoa kuni kwenye kona, mbali na mafiga, akaweka kikapu chenye majani na kuyamwagia humo masasi ya viatuni.

Kilichomtia Emérence hofu ni kwamba kuku hana haraka, na mvua ilikuwa nayo. Xavier aliishusha bunduki darini, akaipaka mawese. Chakula kilimshinda. Emérence alijilaza karibu naye akisikia meno yake yakisagana, akamhurumia na kumkasirikia kwa pamoja.

Mchana mmoja, mvua ikinyesha, ukuta wa jiko la Monique uliteremka korongoni pamoja na sufuria. Monique aliwahi kumtoa kuku akiwa kikapuni. Théodore akachukua jembe, akaufuata ugo. Xavier akatoka na bunduki.

"Ukigusa hata tete moja, nakupiga."

Théodore alitupa jembe, akaingia nyumbani, akatoka na bunduki yake mkono mmoja na kiatu kitupu mkono wa pili. Alimtazama mkewe. Monique alijaribu kutotazama kikapu, akashindwa. Théodore akamsukuma kuku, akachukua risasi moja yenye joto, akaiingiza kwenye bunduki.

Wakasimama hivyo, ugo kati yao, maji yakiwatiririka usoni. Emérence alikuwa nyuma ya mumewe, ameshika shati lake, na hakuna sala iliyomjia.

Ndipo bunduki ya Théodore ikalia: piu. Ikalia tena.

"Inatoka," Monique akasema. "Papa, usipige, inatoka."

Théodore akachuchumaa. Aliifungua bunduki, na kifaranga kikamwangukia kiganjani, kimelowa, kipande cha shaba bado kimegandamana na mgongo wake. Hakujua akifanye nini. Xavier, ambaye mambo hayo alikwisha kuyaona, ndiye aliyesema:

"Baridi itakiua. Kilete kwetu, moto iko."

"Nipite wapi?"

Xavier aliilaza bunduki chini, akauangusha ugo kwa mguu.

Théodore alikaa jikoni kwa mdogo wake, kifaranga kifuani ndani ya shati. Alikisubiri kilale. Kisha akasema kwamba kila usiku alisikia korongo likitafuna, na kwamba aliona aibu kuogopa udongo. Xavier alimsogezea sahani. Baada ya wiki walimjengea Monique jiko jipya upande wa Xavier, na masasi yaliyobaki Xavier mwenyewe aliyapeleka kikapuni, akiyabeba ndani ya mikono iliyokunjwa.

Korongo halikuacha kumega. Mishahara haikuja. Makala yaliendelea kutoka kambini, yakafika mpaka mtaa wa Cimpunda, na huko watu wawili walizikwa kabla ya mvua kuisha. Kutoka huko alikuja, kwa miguu, mwanamke anayeitwa Nsimire, amebeba kikapu kitupu.

"Bwana yangu amenunua," alisema. "Iko nagombana na muzee yake. Banasema hapa kuku iko."

Emérence alimkaribisha, akampa maji, akaenda kumtafutia kuku aliye tayari kuatamia.

"Usimuweke karibu ya moto," alimwambia. "Na bwana yako, usimwambie kitu mpaka ianze kula."