Joto la Mama Clavery

Joto lilinianzia kifuani, likapanda shingoni, likanivaa uso mzima kama niliyeinamia chungu cha maharage. Muda si muda, baridi. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwetu Igurwa ukipata joto una malaria, na malaria isipopona una taifodi. Sikwenda kupima. Nilikwenda duka la dawa la Mgeni, nikanunua dozi, nikameza. Joto likarudi, nikameza nyingine, ya taifodi. Kufikia ya tatu tumbo likaanza kuvimba na kunguruma, gesi tupu, na chakula chote kikanichefua.

Hedhi nayo ilikuwa imekata miezi mingi. Sikujali. Tangu Clavery, mwanetu wa pekee wa kiume, agongwe na lori miaka miwili iliyopita, sikuwa nafuatilia habari za mwili wangu.

Aliyezifuatilia ni mama mkwe wangu, Anatolia. Macho ya mwanamke yule hayana likizo. Siku moja alinikuta natapika nyuma ya jiko, akaniwekea mkono tumboni bila hata kuniuliza.

"Mawe! Clavery amerudi," akasema, akimwita mama yake kwa Kihaya.

Ningecheka, lakini Kaijage, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni na amesikia. Mtu ambaye hakutoa chozi mazishini, ambaye kwa miaka miwili alikula na kuondoka bila neno, aliniuliza kama nimechoka. Kesho yake akachukua jembe, akaenda kupalilia kibanja, lile shamba letu la migomba na kahawa alilokuwa amelitelekeza kwa sababu hakuona wa kumwachia. Mabinti zetu wote wameolewa. Nikamsikia huko migombani akipiga mluzi.

Mngefanya nini ninyi? Mume wangu alikuwa amerudi nyumbani, na kilichomrudisha ni tumbo langu. Nikanyamaza. Tena si kunyamaza tu. Kuna siku nilijishika tumbo chini ya kitenge nikaamini, mimi mwenye wajukuu. Nilimtaka mtoto yule kuliko wao wote.

Tumbo lilipobana hadi nikashindwa kunyooka, Kaijage alinipakia kwenye baiskeli hadi kituo cha afya. Aliisukuma kwa mkono njia nzima, eti mtoto asitikisike. Akabaki nje.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, Evelyn. Aliniamkia, akapima mkojo, akanipeleka kwenye mashine ya picha, kisha akanikalisha.

"Mama, hakuna mimba. Hedhi imekoma, na hilo joto ni dalili yake. Wanawake wengi hulipata."

"Na tumbo?"

"Tumbo ni dawa ulizomeza bila kupima. Zimeua hata wadudu wema wa tumboni. Wale wanasaidia kusaga chakula, na inaonekana wana mkono pia katika homoni za mwili. Wataalamu bado wanachunguza, lakini huenda tumbo likivurugika na joto linazidi. Acha hizo dawa. Kula mboga za majani, kunywa mtindi, maharage anza kidogo kidogo."

"Litapungua?"

"Litapungua kabisa, mama!" akasema kwa furaha. Maskini, alidhani ananipa habari njema.

Nje, Kaijage alikuwa ameshakunja koti lake na kuliweka juu ya kiti cha baiskeli nipate kukaa vizuri. Nikamwambia nitatembea. Tukaenda hadi nje ya mji, nikaona nikifika nyumbani sitathubutu kusema.

"Baba Clavery, hakuna mtoto. Ni umri, na dawa zimeniharibu tumbo."

Aliilaza baiskeli majanini, akaketi kando ya barabara. Kisha akalia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika uso. Nikaketi naye. Joto likanishika hapo hapo, jasho likanitiririka, nami sikuwa na nguvu ya kulifuta.

Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni Kihanga wakatua mizigo yao, wakakaa nasi kama watu wanavyokaa na wafiwa. Mmoja akanishika bega.

"Poleni. Mmefiwa na nani?"

"Na mtoto wetu wa kiume."

"Lini, mama?"

Nikamtazama Kaijage, kamasi zikimshuka kwenye ndevu.

"Leo," nikasema.