Siku Sajini Mbano Alipotekwa

Sajini Pankrasi Mbano alikuwa amejaza fomu ya chuo cha biashara kwa herufi kubwa, zilizosimama wima kama zimeamrishwa. Jina alijaza. Mwaka wa kuzaliwa, 1952, alijaza. Palipoulizwa alifanya kazi gani kabla ya kustaafu, aliandika: SIRI. Palipoulizwa alisimamia watu wangapi, aliandika: SIRI. Na kwenye ukurasa mzima wa mwisho, ambapo mwombaji alitakiwa aeleze kazi ngumu kuliko zote aliyowahi kuisimamia, aliandika mstari mmoja tu: ITAELEZWA IKIAMRIWA.

"Piga taipu hivyo hivyo," aliniambia.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Saa sita kamili Posta wangefunga mfuko wa barua za Dar es Salaam, na fomu ambayo haimo kwenye mfuko huo isingewahi. Chuo kilikuwa kimetenga nafasi chache kwa watu waliofanya kazi miaka mingi bila kufika kidato cha sita. Wangechaguliwa kwa ukurasa ule wa mwisho, na hakutakiwa mtu aliyezidi miaka arobaini. Sajini alikuwa na thelathini na tisa.

Nilitazama fomu, nikatazama taipureta. Nilitaka kumwambia kwamba hivi hachaguliwi mtu, lakini sikuthubutu. Mimi nilisomea uhazili Tabora, na huko tulifundishwa kuandika yanayosemwa na wengine. Kusema ya kwangu sikufundishwa, na kwetu pia sikujifunza.

"Mbona huanzi?" akauliza. "Au leo hujala mbwa?"

Huo ulikuwa utani wake wa kila siku, kwamba Wahehe hula mbwa. Baba yangu ni Mhehe aliyehamishiwa Songea kama bwana shamba, na ingawa mimi nilizaliwa hapa hapa, kwa Sajini nilikuwa Mhehe, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Wiki nzima alikuwa akileta barua zake, na kila nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mla mbwa." Mimi nilicheka kwa kuinama, basi.

Bi Sharifa, mwenye ofisi yetu ya kupiga taipu, alikuwa chumba cha mbele akikunja vitenge vyake vya kuuza. Yeye ni mtu wa Tunduru, na ukimya wangu ulikuwa ukimuudhi.

"Lidwina!" aliita. "Mtani wako anakuchokoza kila siku na wewe unanyamaza kama umeingia kuungama. Mjibu, mwanangu, dini haikatazi."

Mimi niliuliza tu taratibu, "Sajini, kwa nini unataka kwenda chuoni?"

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Tangu nistaafu nimeomba kazi mara nne. Kila nikisema nilikuwa jeshini, mtu ananitazama mabega, ananipa rungu na tochi. Sasa ruksa ya biashara imekuja. Huyu ananunua mahindi Namtumbo, yule ana lori, yule ana mitumba. Kila mtu Songea anauza kitu, na mimi ninalinda wanachouza." Akaigeuza kofia. "Biashara naiweza, binti. Naijua. Ila sina karatasi ya kusema naijua."

"Uliijulia wapi?"

"Siri."

"Jeshini ulikuwa unafanya nini?"

"Siri. Niliapa."

"Hata ulichokula?"

"Hasa nilichokula!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro. Nilimtazama mtu huyu mzima, kofia gotini, akingoja nimpigie taipu neno SIRI mara mbili ili akapewe tena rungu na tochi, nikasikia uchungu. Sijui nguvu niliipata wapi. Niliichukua fomu, nikaikalia.

"Fomu imetekwa," nilisema.

Vitenge vilitulia kule mbele.

"Unasemaje?"

"Nimesema imetekwa na Wahehe. Ikombolewe."

Sasa, mtani akikuteka kitu hukasiriki. Unamkomboa mbuzi wako au kofia yako kwa anachotaka, huku mnatukanana vizuri. Sajini alijua hivyo tangu utotoni. Macho yake yalifunguka, kisha akacheka mpaka benchi likalia.

"Kumbe una mdomo! Haya, nikomboe kwa nini? Soda?"

"Kwa maelezo. Mateka anahojiwa."

"Mateka hutaja jina, cheo na namba. Basi."

"Sawa." Niliingiza karatasi safi kwenye taipureta, nikapiga huku nikisoma kwa sauti: "'Mimi ni Mngoni. Kazi ngumu kuliko zote niliyofanya vitani ni kula. Wenzangu walipigana, mimi nilikuwa jikoni nikiramba sufuria.'"

"Wee!"

"'Nilipoishiwa mboga, nililia.'"

"Subhanallah," alisema Bi Sharifa, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mkononi.

Sajini alisimama. "Kuramba sufuria? Mimi? Wewe mjukuu wa watu waliotukimbia mpaka wakaacha viatu!"

"Hawakuwa na viatu, Sajini."

"Waliacha miguu basi! Sikiliza. Nilikuwa na watu mia na ishirini wa kulisha. Mia na ishirini! Mvua ilinyesha, malori ya chakula yakakwama siku kumi na moja. Kapteni akaniambia, 'Koplo, watu wale.' Nikafungua stoo. Chumvi na sabuni. Hakuna kingine. Wewe ungefanya nini?"

Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuanza kazi.

"Nikaenda kwa miguu. Kijiji cha kilimani kina ndizi, hakina chumvi. Cha bondeni kina maharage, lakini chumvi wanayo, wanataka ndizi, maana zao zililala kwa upepo. Nikampa wa juu chumvi, nikachukua ndizi. Nusu tukala, nusu nikampelekea wa chini, nikachukua maharage. Sabuni niliiweka. Siku ya sita walikuja wenyewe kuiulizia, na mbuzi wamemshika kamba."

"Ulikuwa na bunduki. Ungechukua tu," nilisema, bado nikijifanya adui.

"Wenzangu waliniambia hivyo hivyo. Wakanicheka: 'Una bunduki, unabembeleza wa nini?' Nikawaambia, nikichukua leo kwa bunduki, kesho hawa watu watakuwa porini na mbuzi wao. Kesho kutwa tutakula bunduki?" Alishusha sauti. "Siku kumi na moja, binti. Hakuna aliyelala njaa. Na nilipoondoka, mama mmoja wa kilimani alinifungia ndizi za njiani. Bure."

Akaketi. Taipureta ilipiga kengele ya mwisho wa mstari, nikairudisha.

"Na hilo la kulia," aliongeza, "ni kweli Wangoni walilia wakitaka ugali. Hata mimi. Lakini hilo usiandike."

Hilo sikuandika. Alipouona ukurasa umejaa alishtuka, akashika kichwa.

"Umenivunjisha kiapo!"

"Sikutaja kikosi, wala mahali, wala kapteni," nilisema. "Soma."

"Sajini," alisema Bi Sharifa, "vita vimekwisha miaka kumi na tatu. Adui gani atakuja Songea kuulizia maharage?"

Alisoma mara mbili, midomo ikienda. Kisha akauliza, "Huyu ni mimi?" nikasema ndiye. Akatia sahihi. Tulifika Posta saa sita kasoro dakika saba, yeye akitembea kwa hatua za gwaride na mimi nikikimbia nyuma yake, na karani alikuwa amekwisha kushika kamba ya mfuko.

Wiki saba baadaye aliingia ofisini na bahasha ambayo hajaifungua. Aliiweka mezani, akasimama wima kama anayesomewa hukumu.

"Soma wewe," alisema. "Mimi sioni vizuri leo."

Nikasoma. Amekubaliwa. Aripoti Septemba, na nguo zake na shuka mbili.

Bi Sharifa alipiga kigelegele kilichoita watu kutoka duka la pili. Sajini aliketi polepole, akageukia ukuta, nami nikajifanya natafuta karatasi sakafuni.

"Mtani," aliniita mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wewe umesoma chuo. Mwalimu akiingia, tunapiga saluti?"

"Hapana. Mnakaa tu."

"Tunakaa! Na kama sijaelewa? Wenzangu watakuwa watoto wa juzi."

"Unanyosha mkono, anakueleza tena."

Alifikiri. Kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, taratibu, akanitazama kama anauliza.

"Mmoja tu, Sajini," nilimwambia. "Miwili ni kusalimu amri."

Akaushusha mmoja.